Kamshafti Ngeni kwenye Lori la Bwana Salimu

Ushongo, Pangani
Jumamosi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Pokea na shikamoo ya mkweo Yohana, ambaye mikono yake imejaa grisi na nimemkataza kugusa karatasi. Goti lako linasemaje siku hizi za ukungu? Na baba, kikohozi kimemwacha, au bado anakataa dawa mpaka umgombeze? Sisi huku ni wazima. Chakula kipo, samaki wapo, na tumbo langu limekua mpaka nikikaa kwenye mkeka nahitaji mtu wa kuniinua. Rebeka, mdogo wangu, wewe unayemsomea mama, soma polepole na usiruke mistari, hata ile utakayoona haina maana. Mimi ninayeandika sijaielewa yote, sembuse wewe.

Mama, barua yako imefika. Umeuliza kwa nini mpaka leo sijaja kujifungua nyumbani, wakati kila mtu anajua mtoto wa kwanza huzaliwa kwao mama yake. Umesema kitanda umekwisha kukitandika, kuku wa uzazi umemfunga mguu asipotee, na watu pale Bumbuli wameanza kusema kwamba nimepata mama mwingine huku pwani. Maneno hayo yaliniliza. Sina mama mwingine. Nina lori bovu, na hilo ndilo linalonizuia.

Nitakueleza kama ninavyoweza. Lori hili ni la Bwana Salimu, mfanyabiashara wa mbata, zile nazi zilizokaushwa, yule aliyemwajiri Yohana. Ni la kabla ya vita, limezeeka, lakini lilikuwa likienda Mkwaja kuchukua mbata na kurudi mpaka kwenye pantoni ya Pangani bila maneno. Yohana ndiye dereva wake. Ufundi anasaidiana na Fundi Athumani, mzee wa hapa aliyemfundisha kazi, na ndiye mwenye nyumba tunayokaa. Mpango ulikuwa Yohana anilete mwenyewe kwa lori hilo mpaka mlangoni kwako. Bwana Salimu alikubali, kwa kuwa wakati wa kurudi lingepakia viazi na kabichi za Soni. Nilikuwa nimekwisha kufunga khanga zangu na kapu la samaki wakavu. Siku moja kabla ya safari, lori likafia njiani likitoka Mkwaja, likavutwa kwa kamba mpaka uani kwetu. Lipo hapo hadi leo, na kuku wa Bi Mwanahamisi, mke wa fundi, wanataga chini yake.

Kilichokufa wanakiita kamshafti. Nilimwomba Yohana anionyeshe, maana nilitaka kumjua adui yangu. Ni chuma kirefu kama mchi, kimelala ndani ya injini, na kina nundu nyingi. Kikizunguka, kila nundu inainua kilango kimoja, vilango vingine vya kuingiza petroli na hewa, vingine vya kutoa moshi. Nundu hizo zilikuwa zimelika kabisa, na gurudumu la meno linalokizungusha lilikuwa limebaki kama kinywa cha bibi yetu. Yohana akaenda Tanga mjini kutafuta kingine. Akaambiwa dukani kwamba cha aina hiyo hakitengenezwi tena. Kipo cha lori lililolifuata hili, mdogo wake, lile la baada ya vita, urefu ni ule ule, kinaingia kwenye tundu lile lile, ila kinakuja na magurudumu yake mawili na cheni yake.

Akakileta. Fundi Athumani akakipima kwa kamba, akakipima tena kwa vidole, akacheka akasema kanzu ya mjukuu imemkaa babu. Wakakitia. Bamba la mbele likakataa kufunga kwa sababu cheni inataka nafasi zaidi, basi Yohana akakata boksi langu la sabuni akatengeneza gasketi mbili za kuziba mwanya, moja juu ya nyingine. Sabuni sasa naiweka kwenye sufuria. Nikavumilia, maana waliniambia lori litawaka Alhamisi ile ile.

Mama, Alhamisi ile injini ilikohoa, ikalia, halafu ikapiga mzinga kwenye kabureta, pale petroli inapochanganyika na hewa, mpaka kuku wakaingia chumbani. Wakajaribu tena, ikawa vile vile. Injini ina mapipa manne. Yohana anasema mawili yalikuwa yanawaka vizuri na mawili yalikuwa yanapiga kelele tu. Wakafikiri wamekosea kuvisha cheni. Wakafungua mbele yote, wakatazama alama, alama ziko sawa. Wakafunga. Mizinga. Wakafungua tena. Mara tatu wamefungua, mara tatu alama ziko sawa, na kila mara naambiwa Alhamisi. Sijui tena ni Alhamisi ipi, na tumbo halijui Alhamisi.

Utasema basi lipo Pangani na gari la moshi lipo Tanga. Hata mimi nilisema hivyo, na tuligombana siku mbili. Yohana hataki nisafiri peke yangu katika hali hii, na yeye hawezi kuondoka, maana Bwana Salimu amesema mbata zikiharibika Mkwaja kwa kukosa lori, atatafuta fundi mwingine. Halafu kuna ahadi yake kwa baba. Siku ya posa baba alimwambia kwamba akinichukua kwa mkono wake, basi na siku ya kuzaa anirudishe kwa mkono wake. Kwa Yohana neno hilo limekuwa amri ya kumi na moja. Mimi nimechanganyikiwa. Sijui nimkasirikie yeye, au fundi, au chuma, au baba aliyesema maneno makubwa siku ya pombe.

Bi Mwanahamisi ni mkunga anayesifiwa, na ananitunza. Ananikanda miguu kwa mafuta ya nazi. Lakini hajanizoea, nami sijamzoea. Unakumbuka ulivyonifunga kitambaa kwenye mkono wa kushoto ili nijifunze kula kwa kulia, na haikusaidia kitu. Huku kosa hilo ni kubwa zaidi. Huku mtu huingia nyumbani kwa mguu wa kulia, hutoa na kupokea kwa mkono wa kulia, na hata kahawa pale barazani huzungushwa kwa kulia, kama mishale ya saa. Wiki ya kwanza nilimpa Fundi Athumani kikombe kwa kushoto, na Bi Mwanahamisi akakichukua kikiwa hewani. Aliniambia kwa upole kwamba mkono huo ni wa chooni. Najitahidi, lakini nikichoka unakuja wenyewe. Naona aibu, mama, na naogopa kuzaa mbele ya mtu ambaye kila siku ananisahihisha. Nataka wewe. Nimelisema.

Naitwa kuchota maji. Nitaendelea.

Jumatatu

Mama, usishangae kuona kalamu imebadilika, ile ya kwanza Yohana ameitumia kuchokonolea kitu. Barua hii sikuipeleka posta, na ni heri, maana yametokea mambo.

Leo adhuhuri Fundi Athumani alikwenda kuswali. Yohana alibaki peke yake na lori, akaniita nimshikie kifuniko. Juu ya injini kuna kitu kama kopo, wanakiita distribyuta. Kinagawa moto. Ndani yake kuna kijiti kimoja kinachozunguka katikati, wanakiita rota, na kila kikipita mbele ya waya kinatoa cheche kwa pipa moja. Waya ziko nne, kila pipa na wake. Yohana alivua kifuniko asugue kwa ubavu wa kibiriti vile vyuma viwili vidogo vinavyogusana, wanaviita platini. Akanipa kifuniko, akaenda mbele kuzungusha injini kwa hendeli, akaniambia nitazame nimwambie vyuma hivyo vikiachana.

Nikatazama. Vikaachana, nikamwambia. Lakini jicho langu lilikuwa kwenye rota, kwa sababu rota ilikuwa inakwenda kushoto.

Sikusema mara moja. Nilifikiri labda ndivyo inavyokwenda, nitachekwa. Akazungusha tena, ikaenda kushoto tena. Nikamwuliza kwani hiki kidude kinapaswa kwenda kushoto. Akajibu bila kuinua kichwa kwamba kinakwenda kulia, na kwamba mimi ninakitazama nikiwa nimesimama kubaya. Nikahama upande wa pili wa lori. Kushoto. Nikamwambia aache hendeli aje atazame mwenyewe. Akasema akiacha hendeli nani atazungusha. Kwa kweli hapo alikuwa na hoja, maana mimi na tumbo hili siwezi. Basi tukasimama pale, mimi na macho na yeye na hendeli, kila mtu ana nusu ya kitu, tukabishana mpaka Fundi Athumani akarudi msikitini.

Fundi akashika hendeli, Yohana akatazama. Akainama zaidi. Wakabadilishana, fundi akatazama. Naye akainama. Alikaa juu ya debe, akafuta uso kwa kofia yake, akaniuliza niliona lini. Nikamwambia sasa hivi. Akaniuliza mtu gani alinifundisha kutazama huko. Nikasema hakuna, mimi ni mashoto, jicho langu huanzia huko.

Sasa hili ndilo walilonieleza, nami nakueleza nusunusu. Zamani ndani ya lori hili kulikuwa na magurudumu mawili ya meno yanayoumana, moja la kranki, ule mhimili mkubwa wa chini, na moja la kamshafti. Moja likienda kulia, la pili lazima liende kushoto. Huko kwenye lori la mdogo wake hayaumani, yamefungwa pamoja kwa cheni, na cheni huyapeleka yote upande mmoja. Tazama baiskeli ya mwalimu wa kanisa, gurudumu la nyuma linafuata pedeli, haligeuki kinyume. Basi kamshafti hii ngeni inazunguka kinyume cha ile ya kale, na kila kinachozungushwa nayo kimegeuka pia, na distribyuta ni kimojawapo. Pampu ya oili imesalimika kwa kuwa yenyewe inazungushwa na kranki. Lakini wao walikuwa wamezipanga waya kwa kulia, moja, tatu, nne, mbili, kama fundi alivyofundishwa ujanani na kama alivyomfundisha Yohana. Moja ikawaka sawasawa. Nne ikawaka sawasawa, kwa kuwa iko katikati ya safari, ukija kwa kulia au kwa kushoto unaifikia wakati ule ule. Tatu na mbili zikapewa moto usio wao.

Fundi Athumani aliirudisha kofia kichwani. Halafu alisema, "Miaka yote hii napeleka moto kwa kulia. Sikuuliza hata siku moja wenyewe unakwenda wapi."

Nilimhurumia, mama. Ni mtu mzima, anaheshimiwa kuanzia hapa mpaka Mkwaja, na hakuna mtu wa huku ambaye angefikiri kupanga kitu kwa kushoto kwa makusudi. Yohana akataka kung'oa waya zote nne aanze upya. Fundi akamzuia, akachora duara mchangani kwa kidole, akahesabu kwa kinyume, akahesabu tena. Akasema ni mbili tu. Ya tatu iende mahali pa ya pili, ya pili mahali pa ya tatu. Wiki zote zile, mizinga yote ile, boksi langu la sabuni, na dawa yake ilikuwa waya mbili kubadilishana mahali.

Yohana alipozungusha hendeli injini ilishika mara moja. Ilinguruma sawasawa, bila kukohoa. Yohana alinikumbatia mbele ya mwalimu wake, na grisi ikaniharibia khanga ile uliyonipa, nisamehe. Kuna jambo moja bado la ajabu. Kwenye usukani kuna kijiti cha kuwahisha na kuchelewesha moto. Zamani ukikishusha moto unawahi, sasa ukikishusha unachelewa. Yohana amekifunga uzi mwekundu asisahau. Jioni Bi Mwanahamisi alinitilia kahawa, akaniambia leo nimpe mumewe kwa mkono nitakao. Nikampa kwa kulia. Nikamwaga nusu, na sote tukacheka mpaka mtoto akanipiga teke.

Tumekubaliana tuondoke Jumatano asubuhi. Nitakuja na barua hii mkononi, nikusomee mwenyewe. Samaki nimewafunga upya.

Jumatano asubuhi

Mama, sijui nianzie wapi.

Nilikuwa nimekwisha kuvaa. Yohana alikuwa amefunga godoro nyuma ya lori ili nilale njia nzima. Bi Mwanahamisi akasema kabla sijapanda anipapase, apate kunipa dawa ya safari. Akanilaza, akanipapasa, akainama karibu zaidi kama mumewe alivyoinama mbele ya rota. Akanipapasa tena. Halafu akamwita Yohana mlangoni, akamwambia mtoto amegeuka na kichwa kimeshuka, hazikubaki siku nyingi, na barabara ya Muheza ina mashimo ya kutoa mtu roho. Mimi akaniambia, "Ukipanda, mwanangu, utazalia njiani, na mimi sitakuwapo, na mama yako hatakuwapo."

Nimelia. Sikuficha. Nimelia mpaka Fundi Athumani akaondoka uani, maana wanaume wa huku hawajui waweke wapi macho. Wiki zote nilikuwa nalisubiri lori, nalitukana, nalihesabia Alhamisi. Leo lori ni zima, mimi ndiye nisiyeweza kwenda. Nilikasirika tena, na tena sikujua nimkasirikie nani. Yohana alisimama mlangoni na ufunguo mkononi, akaniuliza afanye nini. Mtu aliyejua kila kitu kwa wiki tano ananiuliza mimi.

Nikamwambia, "Nenda kaniletee mama."

Akaogopa. Akasema mama mkwe apande lori na mimi, tukae bega kwa bega kutoka Bumbuli mpaka Pangani, watu watasema nini. Najua mama, kwetu haifai, na mkwe anayekuheshimu hawezi hata kukutazama usoni. Nimefikiri. Rebeka akae katikati. Yohana atatazama barabara, wewe utatazama dirishani, na Rebeka ataongea peke yake, kazi ambayo haijawahi kumshinda. Mkifika kwenye pantoni mshuke wote, maana huko gari huvuka bila abiria. Bwana Salimu ameridhika, kabichi za Soni ni zile zile, iwe nimepanda mimi au umepanda wewe.

Basi huyu aliyekuletea barua ni mkweo, na lori analosimama kando yake ndilo hilo. Baba, nakuomba usimkaripie. Aliahidi kunileta mlangoni kwako kwa mkono wake. Ameufikia mlango, mimi ndiye niliyeshindwa kuja. Mwache aje na mama, ahadi itakuwa imegeuka upande tu. Kuku wa uzazi mfungeni miguu miwili, apande nyuma na mizigo. Mama, chukua kaniki yako ya zamani na ule mkeka mdogo, na viazi vikuu kama vipo. Bi Mwanahamisi amesema nikwambie hatagombania mahali nawe. Atakaa miguuni, wewe ukae kichwani.

Msalimie bibi, mwambie kamshafti ilikuwa na meno kama yake na tumeitupa, ila yeye hatutamtupa. Msalimie mjomba mwenye ng'ombe wa maziwa, na shangazi wa kule kilimani aliyesema nimepata mama mwingine. Yeye msalimie mara mbili. Mwalimu wa kanisa mwambie tumetumia baiskeli yake bila ruhusa, kwa maneno tu, na atuombee.

Yohana usimkaribishe chai, atakwambia amekunywa. Hajanywa, lakini anaweza kungoja. Mimi nakungoja hapa, nimelala upande wa kushoto kama nilivyoambiwa. Nimemwambia na mtoto akungoje. Ila huyu ni mjukuu wako, mama, sijui kama anasikia.

Mwanao,
Elizabeti